Uchambuzi: Umeme kwenye neva dhidi ya maumivu ya kudumu, ni kitu gani chaweza kufika Kivu?

Mwezi Juni 2025, wasimamizi wa Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa ajili ya wazee, walitangaza kwamba kuanzia Januari 2026, katika majimbo sita, yakiwemo Texas, Ohio na Arizona, matibabu kadhaa ya bei kali yatachunguzwa kwanza kabla ya bima kuyalipa. Katika orodha hiyo kuna mashine ndogo za umeme ambazo waganga huziweka karibu na neva, yaani mishipa ya fahamu, ili kutuliza maumivu ya muda mrefu.

Habari hiyo yaonekana kuwa mbali na Goma, Bukavu ao Uvira, lakini maumivu ambayo mashine hizo zinajaribu kuyatuliza ni yale yale yanayowanyima usingizi watu wengi wa Kivu. Baada ya mapigano ya Januari 2025, M23 ilipouteka mji wa Goma, kisha Bukavu katikati ya Februari, hospitali ya CBCA Ndosho inayosaidiwa na CICR ilijaa majeruhi kupita uwezo wake. Kuna waliopona kabisa. Kuna pia waliotoka hospitalini wakiwa wamekatwa mguu ao mkono, na kwao kidonda kilifunga lakini maumivu yakabaki.

Maumivu yenyewe ni ya ajabu. Mtu aliyekatwa mguu chini ya goti anasikia vidole vya mguu ule vinaungua, vinabanwa, ao vinapigwa na kitu kama umeme. Vidole haviko. Maumivu yako. Mtu asiyeelezwa atadhani amerogwa, ao kwamba anaanza kupoteza akili, na mara nyingi ataamua kunyamaza. Lakini hii si ajabu ya Kivu, wala si ya leo. Mpasuaji Mfaransa Ambroise Paré aliiandika katika karne ya 16 baada ya kuwatunza askari. Mmarekani Silas Weir Mitchell, aliyewatibu majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yake, aliipa jina la kiungo cha mzuka mwaka 1871. Neva iliyokatwa huota kinundu kwenye ncha yake na kuendelea kutuma habari. Ubongo nao bado unayo picha ya mguu mzima, kwa hiyo unapokea habari hizo kana kwamba mguu uko.

Wazo la kupambana na maumivu haya kwa umeme ni la zamani kuliko umeme wa waya. Katika karne ya kwanza, muganga Mroma Scribonius Largus alishauri wagonjwa wa kichwa na wa miguu waguswe na samaki wa baharini mwenye kupiga umeme. Wavuvi wa ziwa Tanganyika na wa mto Congo, wanaomjua samaki wao mwenye tabia kama hiyo, hawatahitaji maelezo mengi juu ya jinsi mkono unavyokufa ganzi.

Sayansi yenyewe ilikuja mwaka 1965, pale Ronald Melzack na Patrick Wall walipochapisha maelezo yao katika gazeti la Science. Mtoto akijigonga kiwiko, anakisugua, na maumivu yanapungua. Kwa nini? Walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama bariere ya njiani. Habari za kuguswa zinapita kwenye neva nene na za mbio; zikiwa nyingi, zinafunga bariere, na habari za maumivu, zinazokuja polepole kwenye neva nyembamba, zinachelewa ao zinarudishwa. (Tofauti na bariere zetu ni kwamba hii haidai feza.) Miaka miwili baadaye, Wall na mpasuaji William Sweet walijichoma wenyewe elektrodi karibu na neva ya uso ili kuona kama umeme mdogo waweza kuifunga bariere hiyo. Wakafanya vilevile kwa wagonjwa wanane, na baadhi yao wakapata nafuu.

Kwa miaka mingi mambo yalikwenda polepole, kwa sababu ilibidi kumpasua mtu ili kuifikia neva. Leo muganga anatumia ekografia, ile mashine inayojulikana kwa kutazama mtoto tumboni, kuona neva ilipo. Anachoma ganzi, anaingiza waya mwembamba sana kwa njia ya sindano, na kifaa chenye betri kinabandikwa juu ya ngozi. Aina moja iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2016 inakaa siku 60 tu, halafu waya unavutwa na kutupwa. Aina nyingine, kama ile iliyoruhusiwa mwaka 2015, inaachwa mwilini.

Je, inasaidia? Jaribio linalowahusu zaidi watu wa Kivu lilichapishwa mwaka 2019. Lilifanywa kwa watu 28 waliokatwa miguu na wenye maumivu ya kudumu. Wote walitiwa waya. Kundi moja lilipewa umeme wa kweli na jingine likapewa kifaa kisichotoa kitu, bila wao kujua. Baada ya wiki nne, kati ya watu 12 waliohesabiwa katika kundi la umeme, saba walisema maumivu yamepungua kwa nusu ao zaidi. Katika kundi jingine walikuwa wawili kati ya 14.

Saba kwa wawili si kitu kidogo. Lakini watu 26 si wengi, na miongoni mwa walioandika ripoti walikuwemo wafanyakazi wa kampuni inayotengeneza waya huo. Tena, angalia wale wawili waliopata nafuu bila umeme wowote. Maumivu ya kudumu yana tabia hiyo: yanapanda na kushuka yenyewe, na mtu aliyetunzwa vizuri, aliyesikilizwa, anayengojea kupona, anaweza kusikia nafuu ya kweli hata kama mashine imezimwa. Ndiyo maana jaribio lisilokuwa na kundi la pili halipashwi kumshawishi mtu. Ndugu ya njia hii, ambayo waya wake unawekwa karibu na uti wa mgongo, imeuzwa kwa miaka mingi kwa wagonjwa wa mgongo. Mwaka 2023 wachunguzi wa mtandao wa Cochrane walikusanya majaribio yaliyopo na kuona kwamba kwa maumivu ya kiuno huenda haileti faida ya kudumu kuliko kifaa cha uongo.

Hapo ndipo uamuzi wa Medicare unapoeleweka. Marekani ilikimbilia mashine hizi kwa sababu nzuri: vidonge vya jamii ya morfini vilivyotolewa ovyo vilifungua mlango wa janga, na katika mwaka 2022 zaidi ya watu 100,000 walikufa nchini humo kwa kuzidisha dawa za kulevya za aina zote. Waganga walitafuta njia isiyo ya kidonge. Lakini palipo na bima inayolipa maelfu ya dola kwa kila mgonjwa, wauzaji hawachelewi kufika, na mashine huanza kuwekwa hata kwa watu ambao hazikujaribiwa kwao. Kuna waganga wa Marekani wanaoulalamikia uchunguzi huo mpya, wakisema utawachelewesha wagonjwa wenye haki, zaidi sana kwa vile makampuni ya teknolojia ndiyo yatakayochuja maombi kwa msaada wa akili bandia. Lalamiko hilo lina uzito. Hata hivyo, swali la bima ni swali ambalo kila familia ya hapa inayouza mbuzi ili kulipa hospitali ingeliuliza: mashine hii inamfaa nani, na nani anasema hivyo?

Sasa tuchukue kwamba mfadhili mmoja analeta kesho sanduku la nyaya hizo Goma. Ekografia ziko katika hospitali kubwa. Muganga aliyefundishwa kutafuta neva kwa ekografia ni shida zaidi, lakini wataalamu wa ganzi wanaweza kujifunza. Ugumu unaanza baada ya mgonjwa kutoka mlangoni. Anarudi Masisi, Walikale ao Kalehe, ana waya unaotoka kwenye ngozi, na kwa siku 60 anapashwa kupaweka pakavu na safi. Ngozi ikianza kutoa usaha, arudi kwa njia gani, na kwa feza ya nani? Waya unaweza pia kukatika unapovutwa, kipande kikabaki mwilini. Jambo hilo limeandikwa huko huko Marekani. Betri inataka umeme. Kifaa kikiharibika, kingine kitatoka ngambo, wakati uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa tangu mwishoni mwa Januari 2025. Kwa mtu aliyekwisha kukimbia vita mara tatu, siku 60 mahali pamoja si ahadi anayoweza kuitoa. Kwa hiyo jibu la haki, kwa leo, ni kwamba waya huu unaweza kujaribiwa kwa wagonjwa wachache wanaokaa karibu na hospitali kubwa, lakini si kitu cha kuombea feza mbele ya mambo mengine.

Kuna ndugu yake wa bei ndogo: kile kisanduku chenye vibandiko vinavyowekwa juu ya ngozi, ambacho wataalamu wa kinezi wanakijua na ambacho matangazo ya simu yanakisifu kwamba kinaponya mgongo, magoti, kisukari na mengine. Hapa lazima kusema wazi. Mwezi Desemba 2023 OMS ilitoa mwongozo juu ya maumivu ya kudumu ya kiuno, ugonjwa uliowagusa watu milioni 619 duniani mwaka 2020, na ikashauri visanduku hivyo visitumiwe kama matibabu ya kawaida. Iliweka mbele mazoezi, maelezo mazuri kwa mgonjwa na msaada wa kuondoa woga. Msukuma chukudu anayeumwa kiuno, ao mama anayebeba magunia kwa kamba ya kichwa, atapata faida zaidi kwa mazoezi anayoonyeshwa na mtu wa kinezi kuliko kwa kisanduku cha dola 40. Na kwa maumivu ya kiungo kilichokatwa, Cochrane ilitafuta mwaka 2015 majaribio ya kweli ya kisanduku hicho na haikukuta hata moja. Si kusema hakisaidii mtu yeyote. Ni kusema kwamba anayekiuza kwa ahadi ya kuponya anauza asichokijua.

Kitu ambacho kimejaribiwa na ambacho fundi yeyote wa Birere anaweza kukitengeneza ni kioo. Mgonjwa anaketi, kioo kinasimamishwa kati ya mguu mzima na ule uliokatwa, anatazama ndani na kuuchezesha mguu mzima. Macho yanauambia ubongo kwamba miguu yote miwili iko na inatii. Njia hiyo ilianzishwa na V. S. Ramachandran katika miaka ya 1990. Mwaka 2007, hospitali ya kijeshi ya Walter Reed huko Marekani ilitoa ripoti ya askari waliokatwa miguu: baada ya wiki nne, wote sita waliotumia kioo walisema maumivu yamepungua, kati ya sita waliopewa kioo kilichofunikwa kwa shuka, ni mmoja tu. Hata hili ni jaribio dogo, na wawili wa kundi la kioo walishikwa na huzuni kali walipoona mguu wao umerudi. Kwa hiyo mgonjwa asiachwe peke yake na kioo mara ya kwanza. Lakini vituo kama Shirika la Umoja mjini Goma na Heri Kwetu mjini Bukavu, ambavyo CICR imevisaidia katika kazi ya miguu ya bandia na kinezi, ndipo mahali ambapo njia hiyo ingekaa bila kujenga kitu kipya.

Upande wa dawa, parasetamoli haigusi sana maumivu ya neva, na tramadoli inayouzwa katika kila farmasi bila karatasi ya muganga inawafanya vijana kuwa watumwa wake. Amitriptilini, dawa ya zamani na ya bei rahisi, husaidia baadhi ya wenye maumivu ya neva kwa kipimo kidogo cha usiku, si wote. Morfini nayo si dawa ya kutegemea kwa miaka na miaka katika maumivu haya, ila inakosekana hata pale inapohitajiwa kabisa: siku ya jeraha, siku ya kukatwa, na kwa mgonjwa wa kansa. Tume ya gazeti la Lancet ilihesabu mwaka 2017 kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii hiyo zinazogawanywa duniani kila mwaka, nchi maskini kabisa zinapata tani 0.1.

Uganda ilionyesha kwamba hesabu hiyo inaweza kubadilika bila utajiri. Tangu Hospice Africa Uganda ianzishwe Kampala mwaka 1993, morfini ya unga inachanganywa na maji humo humo nchini, serikali inaitoa bure kwa wagonjwa, na tangu 2004 wauguzi waliofundishwa wana ruhusa ya kuiandika. Kutoka Beni hadi mpaka wa Kasindi ni mwendo wa saa chache. Sheria na karatasi za kuingiza dawa kama hiyo ni neno la wizara ya afya huko Kinshasa, na katika miji inayoshikiliwa na M23 hata swali la nani atie sahihi lina utata.

Kazi moja haingojei sahihi ya mtu. Muuguzi anaweza kumuuliza kila aliyekatwa kiungo, kila anaporudi, maumivu yake ni ngapi kati ya 0 na 10, na kuandika namba hiyo kwenye fishi yake pamoja na tarehe. Siku waya wa Marekani, kioo ao dawa mpya itakapojaribiwa Ndosho ao Panzi, namba hizo za kabla ndizo zitakazosema kama kuna kilichobadilika.