Nyimbo za enzi za babu zampa riziki

WAZAZI wengi hushika kichwa mtoto anapotangaza nyumbani kwamba anataka kuwa mwanamuziki. Sasa fikiria akiongeza kuwa hataki kuimba muziki wa vijana wenzake, bali nyimbo zilizovuma zaidi ya miaka 50 iliyopita, tena akiwa amevalia kama bwana harusi wa mwaka 1930! Wengi wetu tungemtafutia mjomba wa kuketi naye chini amshauri. Leo, mpenzi msomaji, nataka tumtazame mtu aliyefanya jambo hilo hilo na ambaye limemlisha hadi uzeeni.

Jukwaani anaitwa Max Raabe. Ni Mjerumani, mzaliwa wa mji wa Lünen, mwaka 1962. Akitokea mbele ya watu utadhani ametoka kwenye picha ya zamani iliyotundikwa ukutani: koti jeusi lenye mkia, tai ya kipepeo, nywele zimepakwa mafuta na kulazwa zikalala. Hachezi. Harukiruki. Husimama wima kama askari wa zamu, na mzaha wake wote umo katika unyusi mmoja unaoinuka kidogo na maneno machache makavu anayosema kabla ya kila wimbo. Zamu ya wapiga ala ikifika, husogea kando, akaegemea piano na kungoja kama mtu anayengojea basi.

Muziki wenyewe ni wa kabare. Najua neno hilo hapa kwetu likitajwa watu hufikiria vilabu vya usiku ambavyo baba hapendi kuulizwa habari zake mbele ya watoto. Lakini kabare ilianza kama mahali pa washairi na waimbaji. Kile cha Paris kilichoitwa Chat Noir kilifunguliwa mwaka 1881, watu wakiketi mezani na vinywaji vyao huku wakisikiliza nyimbo, mashairi na kejeli juu ya wakubwa. Ujerumani iliipokea mwaka 1901. Ilipofika 1918, mfalme wao alipoanguka na udhibiti wa serikali juu ya majukwaa kulegea, Berlin ikafurika kumbi za namna hiyo. Watunzi waliimba kuhusu mapenzi, njaa, wanasiasa na mabwana wanaodanganya wake zao, na mambo hayo yote waliyatia katika mahadhi ya foksitroti na tango. Nyimbo zilikuwa fupi kwa sababu upande mmoja wa santuri ya wakati huo ulichukua kama dakika tatu tu.

Raabe alikwenda Berlin kusomea uimbaji. Lengo lilikuwa opera, sauti yake ikiwa ya baritoni. Opera ni kazi ya heshima, yenye mishahara na majumba makubwa, na mzazi yeyote angeweza kuitaja kwa majirani bila haya. Lakini kijana huyu alizipenda santuri za zamani, na mwaka 1986 yeye na wanafunzi wenzake 11 wakaunda bendi waliyoiita Palast Orchester. Karatasi za muziki za asili, zilizoandikwa kwa ajili ya bendi za miaka ya 1920 na 1930, alizipata kwenye masoko ya vitu vikuukuu. Kwa muda wa mwaka mzima walifanya mazoezi bila kupiga mbele ya watu hata mara moja.

Hapo ningependa wanafunzi wanaosoma ukurasa huu watue kidogo. Mwaka mzima! Siku hizi bendi hupatikana Jumatatu, ikawa na mabango mjini kufikia Ijumaa.

Shoo yao ya kwanza ilikuwa mwaka 1987, kwenye dansi kubwa ya watu wa michezo ya kuigiza huko Berlin. Hata ukumbini hawakuwekwa. Walipangiwa sebule ya kuingilia, pale watu wanapopita wakitafuta viti au maliwato, kazi yao ikiwa kujaza kimya. Kumbe wageni walianza kutoka ukumbini mmoja mmoja kuja kuwasikiliza, hata sebule ikajaa.

Sauti ndiyo siri kubwa ya kazi hii, na si rahisi kama inavyosikika. Mwimbaji wa opera hufunzwa kuijaza nyumba nzima bila msaada wa chombo chochote. Lakini tangu mwaka 1925, santuri zilipoanza kurekodiwa kwa kipaza sauti cha umeme, waimbaji wa nyimbo za mapenzi waligundua kwamba wanaweza kuimba polepole, kana kwamba wanamnong'oneza mtu mmoja sikioni. Raabe ilimbidi aijue njia hiyo pia: kuwa na nguvu ya opera na kuizuia isitoke, kupanda juu kwa sauti nyembamba ya kike kisha kushuka bila mtu kuhisi ngazi. Anayedhani kwamba suti ya zamani na kofia zatosha kumfanya mtu kuwa mwimbaji wa kale na ajaribu kuimba namna hiyo bafuni mwake.

Jina lilimtoka mwaka 1992 kwa wimbo alioutunga mwenyewe kwa mtindo wa kale. Jina la wimbo huo likitafsiriwa neno kwa neno ni kwamba hakuna nguruwe anayempigia simu. Msicheke. Kwa Wajerumani, "hakuna nguruwe" ni kusema hakuna hata mtu mmoja. Ni kilio cha mpweke aliyeketi karibu na simu isiyolia. Nchi nzima iliuimba, na tangu hapo bendi haikurudi tena sebuleni. Mwaka 2005 ilifika Carnegie Hall, New York, ikaalikwa tena 2007, na santuri iliyorekodiwa humo mwaka huo ikapewa jina la wimbo wa 1932 wa Mischa Spoliansky.

Huyu Spoliansky anastahili aya yake. Alikuwa mpiga piano na mtunzi hodari wa kabare za Berlin, naye alikuwa Myahudi. Hitler alipotwaa serikali Januari 1933, Spoliansky alitorokea London. Huko akapata kazi ya kutungia filamu muziki, na mojawapo ni Sanders of the River ya mwaka 1935, ile aliyoimba Paul Robeson. Wasomaji wenye kumbukumbu wanajua kwamba katika filamu hiyo, miongoni mwa Waafrika waliochukuliwa London kuigiza sehemu ndogo ndogo, alikuwamo mwanafunzi wetu mmoja aliyeitwa Jomo Kenyatta. Filamu yenyewe iliusifu ukoloni kupita kiasi, na Robeson aliijutia baadaye. Spoliansky alifariki London mwaka 1985, mwaka mmoja tu kabla ya vijana wale wa Berlin kuunda bendi yao.

Na yeye alikuwa na bahati. Friedrich Hollaender, Werner Richard Heymann na Kurt Weill nao waliondoka mwaka huo huo wa 1933. Kikundi mashuhuri cha Comedian Harmonists, ambacho watatu kati ya sita wake walihesabiwa kuwa Wayahudi, kilipigwa marufuku mwaka 1935. Kurt Gerron, aliyeimba wimbo wa Mackie muuaji usiku ule wa Agosti 1928 mchezo wa Weill na Brecht ulipozinduliwa Berlin, aliuawa Auschwitz mwaka 1944. Fritz Grünbaum, bingwa wa kabare za Vienna, alifia kambini Dachau mwaka 1941. Mwaka 1999 mchezo ule wa Weill ulirekodiwa upya, na aliyeimba sehemu ya Mackie ni Raabe.

Kwa hiyo mwimbaji wa nyimbo hizi si sawa na yule anayetupigia zilizopendwa ili tukumbuke ujana wetu. Anapita katika nyumba ambayo wenyewe walifukuzwa, akikaa kwenye viti vyao. Wapo wanaoona kwamba unadhifu huu, na vicheko hivi, vinayafunika yaliyotokea. Mimi sikubaliani nao. Walioziandika nyimbo hizi walitaka watu wacheke, na aliyetaka kunyamazisha kicheko hicho tunamjua. Raabe hahubiri jukwaani. Anaimba tu, tena anaimba vizuri, na wimbo unabaki hai kwa jina la mtunzi wake.

Wala hakuganda hapo. Amezifanyia mzaha nyimbo za vijana, hata ya Britney Spears, akiziimba kana kwamba zilitungwa mwaka 1929. Mwaka 2011 alitoa nyimbo mpya alizoandika pamoja na Annette Humpe, mtunzi wa muziki wa pop, na mwaka 2019 akaalikwa na MTV katika kile kipindi ambacho bendi za magitaa huombwa zipige bila umeme. Kwake hilo halikuwa jambo geni sana.

Mwaka 2010 bendi ilikwenda Israel. Ukumbini waliketi wazee waliotoroka Ujerumani wakiwa watoto au vijana, ambao nyimbo hizo walizisikia mara ya mwisho kwenye gramafoni za wazazi wao. Mbele yao alisimama Mjerumani mwenye koti lenye mkia, akiwaimbia kwa lugha ile ile iliyowafukuza. Walikuwamo walioimba pamoja naye, maana maneno walikuwa bado wanayajua.