Cardiff: Angalia Grangetown Kabla ya Cathays

Kila mwaka ikikaribia mwezi wa nane, inboksi yangu inajaa swali moja: "Naenda Cardiff kusoma, nitafute keja mtaa gani?" Inachekesha kidogo, kwa sababu mimi ndiye yule aliyeacha chuo mwaka wa pili, na niko hapa Nairobi. Lakini binamu yangu alipoitwa huko, mimi ndiye niliyekesha naye wiki nzima tukipekua ramani na matangazo ya nyumba, kwa hivyo maoni ninayo na nitayatoa.

Watu wetu karibu wote wanaelekezwa sehemu mbili. Ama Cathays, kwa sababu "wanafunzi wote wako hapo," ama Cardiff Bay, kwa sababu picha zake ni tamu: maji, maghorofa, jua likizama. Mimi nasema hivi: kama umetoka Kenya na pesa ya kuhesabu, ile shamba imeuzwa na harambee imefanywa, anza na Grangetown.

Kabla hujanirukia, kuna kitu lazima ujue kwanza. Darasa lako liko wapi hasa? Barua inaweza kusema University of South Wales, nawe ukakimbilia chumba katikati ya Cardiff, kumbe kampasi yako ni Treforest au Glyntaff, huko juu karibu na Pontypridd, mji mwingine kabisa. Hapo ni treni kwenda na treni kurudi, kila siku ya masomo. Cardiff Met nayo iko Llandaff na Cyncoed. Wanaosomea udaktari na uuguzi Cardiff University wako sana Heath, kwenye ile hospitali kubwa, na wao wakichagua Cathays au Roath sibishani nao. Weka pini kwenye jengo la darasa ndio uanze kuongea mtaa.

Sasa Cathays. Fikiria Kahawa Wendani, lakini ya matofali na mvua: nyumba za zamani zimeshikana ukuta kwa ukuta, zimegawanywa vyumba, watu watano au sita ndani. Kwa Cardiff University unatembea tu, na hiyo ni faida kubwa. Shida ni kwamba wengi huko hutia sahihi mkataba mmoja wa nyumba nzima. Mmoja akihepa, deni lake linaweza kuwaangukia nyinyi mliobaki. Wewe umefika juzi, hujui mtu, na tayari wewe ni mdhamini wa mgeni ambaye hata jina lake la pili hulijui. Halafu ikifika likizo, wenzako wanarudi kwao, na kwao ni safari ya masaa mawili. Kwenu ni tiketi ya ndege. Desemba mtaa unapoa, ni wewe, hita, na bili ya hita.

Cardiff Bay ni nzuri kwa macho. Yale maji yenyewe yalikuwa matope yanayokuja na kurudi na bahari hadi ukuta wa kuyazuia ulipokamilika 1999. Unalipia mandhari, wasee, na mandhari hayajai sufuria. Pontcanna ni Lavington yao, tupite.

Grangetown iko ng'ambo ya mto Taff, kati ya mji na Bay. Stesheni kuu unaweza kuifikia kwa miguu, na mtaa una stesheni yake mwenyewe ya treni. Nyumba ni zile zile za matofali, lakini ndani kuna familia: Wasomali, Wabangladeshi, Wahindi, Wayemeni, Wawelsh wa siku nyingi. Kuna misikiti, kuna hekalu la Wahindu, kuna maduka ya viungo na nyama halali. Watu hawaondoki Juni. Ukiugua Desemba kuna jirani. Hiyo kwangu inashinda kuwa dakika tano kutoka darasani, na hapo ndipo nitatofautiana na wengi wenu.

Ina gharama yake pia. Nyumba yenye wanafunzi watupu wanaosoma muda wote hailipi kodi ya kaunsili. Ukiishi na mtu anayefanya kazi, hiyo bili inakuja. Uliza mapema nani anailipa, usiulize ikishafika.

Halafu kuna hii maneno ya "epuka Butetown," na wengine wanaunganisha Grangetown humo humo kwa sababu ni majirani. Butetown ndiyo ile Tiger Bay ya zamani. Mabaharia Wasomali na Wayemeni walianza kukaa hapo tangu karne ya 19, enzi za meli za makaa ya mawe. Mwaka 1919 makundi ya wazungu yaliwavamia watu weusi na Waarabu wa mji huo, na watu walikufa. Mwaka 1952 baharia Msomali, Mahmood Mattan, alinyongwa kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Korti ilifuta hukumu 1998, miaka 46 baadaye. Mtaa huo huo ulimlea Betty Campbell, mwalimu mkuu wa kwanza mweusi Wales, ambaye sanamu yake iko karibu na stesheni kuu tangu 2021.

Kwa hivyo mtu akikuambia mtaa fulani ni mbaya, muulize alisikia kwa nani. Sisi wa Eastlands tunaijua hii. Unataja Dandora kwenye mahojiano ya kazi, sura ya anayeuliza inabadilika. Sisemi hakuna wizi. Simu inaweza kuchukuliwa hata katikati ya mji Ijumaa usiku baa zikifungwa. Tembea mtaa wenyewe saa mbili usiku, au mwombe aliye huko akutembelee kwa video, uamue na macho yako.

Pesa sasa. Hapa kwetu dipoziti huwa inageuka rangi ya kupaka ukuta, tumezoea. Wales mwenye nyumba lazima aiweke kwenye mpango rasmi wa kuilinda ndani ya siku 30. Tangu 2019 hawaruhusiwi kukulipisha ada ya kutia sahihi mkataba, na pesa ya kushikiwa nyumba haiwezi kuzidi kodi ya wiki moja. Pia kila mwenye nyumba wa kukodisha lazima awe amesajiliwa na Rent Smart Wales, na orodha unaitafuta mtandaoni bure, hata ukiwa Githurai.

Mtu akiitisha dipoziti kwa WhatsApp kabla hujaona hata mlango, mwambie akutumie namba yake ya usajili. Kama ni konmani, atakublock hapo hapo.