Volkswagen ya Baba, Porsche ya Mwana

SAFU YA MKOMANI
Na Bwana Shee Athumani

Sisi Waamu, ambao vichochoro vya mji wetu havikujengewa gurudumu, na ambao gari kwetu ni jambo la Mokowe, ng'ambo ya maji, twaweza kulihukumu gari kwa insafu kuliko waliozaliwa katikati ya mingurumo yake. Kwani tumezoea tangu utotoni kukipima chombo kwa bahari kitakayoiendea, wala hapana fundi wa Matondoni atakayelisifu jahazi kwa rangi yake kabla hajautazama mkuku.

Kwa mizani hiyo nayapima leo magari mawili ya Kijerumani yenye nasaba moja. La kwanza ni Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, aliyoibuni Ferdinand Porsche katika miaka ya 1930, na la pili ni Porsche 911, aliyoichora mjukuu wake, Ferdinand Alexander, ikaonyeshwa Frankfurt mwaka 1963. Yote mawili injini yake ilikaa nyuma, ikapozwa kwa upepo, bila ya maji wala rejeta.

Mashindano ya magari ya Safari yalipoanza hapa Afrika Mashariki mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, waasisi wake waliyagawa magari kwa bei yake dukani, kanuni ambayo naiona ya hekima kubwa. Mwaka wa pili wake Vic Preston alishinda kwa Volkswagen, gari ambalo nguvu zake hazikuzidi farasi 36. Na gari hilo likashinda tena mwaka 1957 na 1962. Mwanawe, naye Vic Preston, akaingia mwaka 1978 na Porsche 911 ya lita 3, akawa wa pili nyuma ya Peugeot 504 ya Jean-Pierre Nicolas, kama walivyokuwa wa pili kwa 911 Sobiesław Zasada mwaka 1972 na Björn Waldegård mwaka 1974, aliposhinda Joginder Singh wetu.

Wako watakaosema, na hawakukosea, kwamba mwana alikabiliana na wapinzani wakali kuliko wa babaye. Lakini aikumbukaye barabara ya Garsen kabla haijatiwa lami, jinsi udongo mweusi wa masika ulivyoganda ndani ya madigadi hata gurudumu likagoma kuzunguka, atajua kwamba gari la nchi hii halistahiki sifa kwa mbio peke yake, bali pia kwa wepesi wa kutengenezwa lilipokwama. Na injini ya Volkswagen ilishikwa kwa bolti nne tu, hata mafundi wawili wakaweza kuishusha chini ya mti, wakaitia mkono, wakairudisha.

Ni kweli kwamba Waldegård, akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 60, aliipa 911 ushindi wake hapa Afrika Mashariki mwaka 2011, nami nilifurahi kwa ajili yake. Ila yale yalikuwa mashindano ya magari ya kale, yaliyoandaliwa upya kwa gharama kubwa, ilhali Volkswagen ya mwaka 1954 ilikuwa gari la dukani, la aina ile ile waliyoiendesha watu kwenda kazini.