Nairobi–New York ni masaa 15, lakini kutoka Goma hesabu ni ingine

Tuseme tiketi inaandika hivi: kutoka Nairobi saa tano za usiku, kufika New York saa kumi na mbili za asubuhi. Jamaa anayengojea kule anahesabu masaa saba. Anakosea. Kila saa ya kwenye tiketi ni ya mji wenyewe, na wakati wa baridi New York iko nyuma ya Nairobi kwa masaa 8, nyuma ya Goma na Bukavu kwa masaa 7. Abiria atakaa kwenye kiti masaa 15.

Kenya Airways ilianza safari hiyo ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018. Ni karibu kilometa 11,800, kukata Afrika kisha bahari ya Atlantiki. Kurudi ni kama masaa 14. Njia haijafupika, ila kule juu ndege zinakopita upepo mkali unatoka magharibi kwenda mashariki. Anayekwenda Amerika unampiga usoni, anayerudi unamsukuma mgongoni.

Kinachowatesa watu wa Kivu si bahari, ni kilometa za kwanza. Tangu uwanja wa Goma ufungwe mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, na ule wa Kavumu mwezi wa pili, abiria anapita barabara mpaka Kigali. Toka Goma ni kama kilometa 155, masaa matatu ao mane, kama hakuna foleni Grande Barrière. Toka Bukavu ni mbali zaidi. Kisha ndege ya Kigali–Nairobi, saa moja na nusu hivi, halafu kungojea.

Hapa njo watu wanapoteza pesa. Wengine wananunua tiketi mbili mbalimbali, juu bei inaonekana nafuu. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina deni naye: jina lake linaandikwa kama mtu ambaye hakufika, na pesa iliyotoka kwenye kiwanja kilichouzwa imeenda. Mwenye tiketi moja ya safari yote, shirika linapaswa kumtafutia ndege ingine. Lakini hata huyo, akikwama mpakani asifike Kigali kwa wakati, kosa linahesabiwa kuwa lake. Ndiyo maana waliokwisha kusafiri wanalala Kigali usiku mmoja, hata kama hoteli ni gharama ingine.

Basi aliyetoka Himbi siku ya kwanza saa nne asubuhi, akalala Kigali, kesho yake akapanda ile ndege ya saa tano za usiku, anashuka New York siku ya tatu asubuhi. Ni masaa 51 tangu afunge mlango wa nyumba yake. Juu ya bahari yenyewe hakufikisha hata masaa kumi.