TAHARIRI: Kuungana katika Hesabu



Mwanachama wa chama cha kusaidiana hutoa ada angali mzima, akitumaini kwamba siku ya ugonjwa au msiba hatageuziwa kisogo. Kuitimiza ahadi hiyo ni wajibu wa haki, wala si hisani ya viongozi.

Wengi hupima uzima wa chama kwa fedha zilizomo sandukuni. Kipimo hicho hakitoshi. Uthamini wa kweli huweka upande mmoja akiba iliyopo pamoja na ada zitakazolipwa, na upande wa pili mafao yatakayodaiwa kadiri wanachama wanavyozeeka. Sanduku laweza kujaa, kumbe chama kimekwisha kufilisika.

Kwa chama kidogo hatari huzidi. Tuchukue mfano wa chama cha watu 40, ambamo kwa kawaida hufariki mmoja kwa mwaka. Wakifariki watatu, mzigo umekuwa mara tatu. Katika muungano wa watu 4,000 wa hali ile ile, vifo vinavyotarajiwa ni 100. Vikiongezeka viwili, mzigo haukui ila kwa asilimia 2.

Uingereza iliuzingatia ukweli huu katika Sheria ya Bima ya Taifa ya mwaka 1911. Vyama vya bima ya ugonjwa vyenye wanachama chini ya 5,000 vilitakiwa kushirikiana kwa ajili ya uthamini. Havikulazimishwa kuwa chama kimoja: kila kimoja kilibaki na uongozi wake, ila sehemu ya ziada ya kimoja iliweza kuziba upungufu wa kingine. Mfumo wa vyama hivyo ulikoma mwaka 1948, lakini funzo lake linavihusu hata vyama vyetu vya kufa na kuzikana.

Mwenye ziada atauliza: kwa nini nimlipie jirani? Swali hilo ni la haki, nalo lapaswa kujibiwa kwa kanuni zilizoandikwa kabla ya kuungana. Vitabu vya hesabu viwe vya namna moja. Mtaalamu wa hesabu za bima alipwe kwa mchango wa wote. Kila chama kibakiziwe sehemu ya ziada yake. Upungufu uletwao na magonjwa na vifo ubebwe na wote. Uletwao na wizi au uzembe wadaiwe waliousababisha.

Bila kanuni hizo, muungano utageuka kuwa kichaka cha wabadhirifu. Nazo zikiwapo, mjane wa chama kidogo atalipwa sawasawa na mjane wa chama kikubwa.