Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Tulindie Wanaotulinda Endebess

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Tunakuandikia kutoka Endebess, chini ya Mlima Elgon.

Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini, aliyetangazwa Machi 13, 2020, alikuwa ametoka Marekani kupitia London. Tangu hapo wengi huamini kuwa janga huja kwa ndege. Sisi wa huku tunajua huja kwa miguu pia. Wagonjwa wa kwanza wa homa ya Marburg wa mwaka 1980 na 1987 walikuwa wametembelea Pango la Kitum, katika mbuga iliyo jirani yetu. Mwaka 2017 ugonjwa huohuo ulizuka Kween, Uganda, upande wa pili wa mlima.

Ugonjwa kama huo ukizuka tena, atakayeutambua mapema ni mhudumu wa afya ya jamii. Tangu Septemba 2023 ana mkoba wenye kipimajoto, mashine ya presha na simu. Anabisha hodi, anakalishwa kwenye kigoda, anauliza ni nani ana homa na nani amerudi juzi kutoka ng'ambo ya mpaka. Haulizi kama mgeni. Watoto wa kila boma anawajua kwa majina.

Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ya 2023 ilimtambua rasmi, na kwa hilo tunashukuru. Ila posho yake ya shilingi 5,000 kwa mwezi hutoka mifuko miwili: nusu ya serikali kuu, nusu ya kaunti. Mfuko mmoja ukikawia, mhudumu huyu hulazimika kwenda kupalilia mahindi ya watu ili wanawe wale, na maboma hukosa wa kuyatembelea.

Tunaomba mambo matatu. Kwanza, pande zote mbili zilipe posho hiyo siku moja, kutoka fungu lisiloguswa kwa matumizi mengine. Pili, Endebess ipate pikipiki ya kupeleka sampuli maabara, pamoja na pesa za mafuta, na majibu yamfikie aliyetoa taarifa. Tatu, wahudumu wetu na wenzao wa Bukwo na Kween, upande wa Uganda, wawe na njia rasmi ya kupashana habari. Wasabaoti wa huku na Wasebei wa Uganda wanaelewana kwa lugha, na mpakani Suam watu huvuka kila siku.

Mheshimiwa, bajeti husomwa Juni. Tutaisoma tukitafuta mambo haya matatu.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Endebess, Trans Nzoia