Breki za Lori na Lugha ya Fundi

Jumamosi nyingi, nipatapo upenyo wa kuondoka chuoni, msomaji angenikuta kwetu Ganda, kilomita chache magharibi ya mji wa Malindi, nimelala chali chini ya lori. Lori lenyewe ni Canter kuukuu la ndugu yangu mdogo. Leo hubeba mawe ya kujengea, kesho maembe na nazi, na kazi ikiwa nzuri hufika Gongoni kupakia chumvi. Siku za kazi haliwezi kusimama, kwa kuwa lisipotembea hakuna apataye riziki; kwa hiyo matengenezo yote hungoja mwisho wa juma, chini ya mwembe, kwa jeki moja, spana za kuazima, na fundi jirani ambaye huja akiitwa na asipoitwa.

Wenzangu chuoni hunicheka. Mtu aliyemaliza miaka kadhaa akiandika tasnifu juu ya mofolojia ya kitenzi anatafuta nini kwenye grisi? Jibu langu la kwanza ni kwamba ndugu yangu hana pesa za gereji kubwa. La pili ndilo lililonifanya nishike kalamu leo, nalo nalielekeza hasa kwa walimu na wanafunzi, kwani linahusu darasa kama linavyohusu barabara.

Mwaka juzi, Jumamosi moja, tulifungua boneti tukaona mafuta ya breki yamepungua. Kifuniko cha kichupa chake kilikuwa na maandishi ya Kiingereza: kisafishwe kabla ya kufunguliwa, na yatiwe mafuta ya daraja lililotajwa tu, kutoka chombo ambacho hakijafunguliwa. Niliyasoma maneno hayo kimoyomoyo, nikayaelewa, nikaendelea na kazi yangu. Mtoto wa ndugu yangu, kijana aliyemaliza kidato cha nne na ambaye huniita baba mkubwa, alikuwa kando yangu ameshika tochi. Sikumwambia neno. Siku tatu baadaye, mimi nikiwa darasani nikifundisha, yeye aliongeza mafuta kutoka chupa iliyobandikwa jina la mafuta ya breki, lakini iliyokuwa imetiwa mafuta ya injini. Yote mawili yateleza, yote mawili ni mafuta. Kwa nini asidhani kwamba ni kitu kimoja?

Mafuta ya injini hutokana na petroli ghafi, nayo huvimbisha raba zilizotengenezwa kwa ajili ya mafuta ya breki. Raba za masta zilipovimba ziliziba kijitundu ambacho mafuta hurejea kupitia kwacho dereva anapoondoa mguu. Breki zikawa zimeshika kidogo muda wote bila ya mtu kujua. Dramu zikapata moto, mafuta yakachemka, na kwa kuwa mvuke hubonyea ilhali mafuta hayabonyei, pedeli ikazama hadi chini bila ya kuleta chochote. Jambo hilo lilitokea kwenye barabara iendayo Kakuyuni, lori likiwa limejaa mawe. Dereva alilitia katika shamba la mahindi. Taniboi aliruka akavunjika mguu, na hadi leo akitembea utamjua. Hakufa mtu, na watu walisema tumshukuru Mungu. Nilimshukuru, lakini nilijua vilevile kwamba onyo lilikuwapo, limeandikwa, na kwamba pale chini ya mwembe ni mimi peke yangu niliyekuwa nimelisoma.

Ajali za namna hii si ngeni kwetu. Tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani huko Kericho, lori la kontena lililoshindwa kudhibitiwa liliparamia magari na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara, na zaidi ya watu 50 wakapoteza maisha. Kila baada ya msiba kama huo hutolewa amri na huitishwa misako. Magari ya biashara hukaguliwa mara moja kwa mwaka, sawa. Lakini breki ya lori huamuliwa katika Jumamosi zile nyingine 51, na wanaoiamua ni vijana ambao hakuna aliyewahi kuwaeleza kwa lugha wanayofikiria kwayo ni nini hasa kinachotendeka ndani ya ile silinda.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba mafundi wetu hawajui. Kinyume chake, katika miaka yangu yote ya kushughulika na lugha sijakuta msamiati wa utambuzi ulio sahihi kama ule wa fundi wetu wa Ganda. Pedeli “ikiwa na upepo”, yaani ikibonyea kama sifongo, hewa imeingia kwenye paipu, na dawa yake ni kublidi. Pedeli “ikizama” polepole hali umeikanyaga, raba za masta zimechoka. Ikiwa ngumu kama jiwe, msaada wa vakyumu umekatika. Gari “likivuta” upande mmoja, basi gurudumu la upande wa pili halishiki, huenda lainingi yake imelowa grisi au silinda yake imeganda kwa kutu. Breki “zikilia”, lainingi imeliwa mpaka ribiti zinakwaruza dramu. Haya ni maneno ya kawaida yaliyopewa kazi maalumu, kila moja likiambatana na sababu yake na tiba yake. Daktari wa watu angeona fahari kuwa na orodha kama hiyo.

Asichokuwa nacho fundi huyu ni yale mambo ambayo macho hayawezi kuyaona na ambayo, kwa hiyo, hayajifunzi mtu kwa kutazama. Mfano mmoja ni maji. Mafuta ya breki ya kawaida hunywa unyevu wa hewani, na sisi wa pwani unyevu tunao mchana na usiku. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanywa maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa hushuka hadi nyuzi 140. Chupa iliyoachwa wazi dirishani tangu mwaka jana ina mafuta ambayo kwa macho ni mazima. Mfano mwingine ni vumbi. Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na mpaka leo nawaona vijana wakifungua dramu na kulipuliza vumbi kwa mdomo, nyuso zao zikiwa palepale. Vumbi la asbesto huleta saratani ya mapafu baada ya miaka mingi, wakati ambapo hakuna atakayekumbuka dramu ile. Kitambaa kilicholoweshwa maji kingetosha.

Kisha kuna hili la kuliongezea lori nguvu. Wenye malori huongeza vyuma vya springi, hupandisha mbao za ubavuni na kununua matairi mazito zaidi, kisha husema lori limeimarishwa. Breki ni zilezile. Mwalimu wa fizikia anayesoma ukurasa huu anajua kwamba mzigo ukiongezeka maradufu, nishati ambayo breki inapaswa kuigeuza joto huongezeka maradufu; na mwendo ukipanda kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, huongezeka mara nne. Hilo lote linatakiwa kuishia kwenye lainingi yenye upana wa kiganja. Tulipotaka nasi kuboresha breki za Canter letu baada ya ajali, ndugu yangu alitamani disiki kama za magari mapya. Fundi alikataa, nami nilimuunga mkono: tulibadilisha masta nzima, raba zote, paipu za mpira na lainingi, tukachonga dramu mbili zilizopoteza uduara, na tukaondoa vyuma viwili vya springi. Huo wa mwisho ndio uliomuuma ndugu yangu zaidi, kwa kuwa ulimpunguzia mzigo.

Malori makubwa yana breki za upepo, na humo mna fikra nzuri ambayo ningependa kila mwanafunzi aijue. Mwaka 1872 Mmarekani George Westinghouse alisajili breki ya garimoshi iliyofunga yenyewe upepo ulipovuja. Lori la leo hufuata wazo hilohilo kwa njia nyingine: springi kubwa hulifunga, na upepo ndio huliachia. Ukiisha upepo, lori husimama. Lakini springi hiyo yaweza kubanwa kwa bolti ili lori bovu liondolewe barabarani, na nimekwisha kuona lori likirudi kazini bolti ikiwa ingali mahali pake. Aliyefanya hivyo hakuwa mwovu. Aliiona breki iliyofunga kuwa ugonjwa, kwani hakuna aliyemweleza kwamba kufunga ndiko uzima wake.

Hapa ndipo sisi wanaisimu tunapopaswa kujitazama. Hatujakaa bure: mwaka 1987 mwanaisimu Mpolandi Rajmund Ohly alitoa huko Dar es Salaam kamusi ya msingi ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili, na mwaka 1990 TUKI ikatoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Lakini kamusi si kitabu cha kufundishia, na istilahi nyingi huzaliwa ofisini. Niliwahi kuketi katika kikao kilichopendekeza “silinda kuu” kwa kile ambacho mafundi hukiita masta. Nilifurahi; neno lilikuwa safi, lenye upatanisho mzuri. Nilipomweleza fundi wetu, aliinua uso akasema, “Mwalimu, silinda kuu si ya injini hiyo?” Alikuwa na haki. Neno langu lingempeleka mtu mahali pasipo pake. “Kiatu cha breki” alikikubali papo hapo, akaongeza kwamba nacho huliwa soli.

Kiswahili kinatahiniwa katika shule zetu zote tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, na Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Wanafunzi wangu wanaweza kuchambua shairi kwa ufasaha wa kupendeza. Iweje basi kijana huyohuyo asipate popote kurasa 30 za Kiswahili zinazomweleza breki ya gari analolilalia chini yake? Mwalimu wa Kiswahili aliye karibu na chuo cha ufundi anaweza kuwatuma wanafunzi wake gereji wakiwa na daftari, waandike maneno wanayoyasikia, halafu mwalimu wa fizikia aeleze sababu zake kwa maneno hayohayo. Insha za kidato cha tatu juu ya “Siku Nitakayoikumbuka Daima” tumezisoma za kutosha.

Mimi nimeanza na kurasa zangu chache. Jumamosi iliyopita niliwasomea rasimu chini ya mwembe: fundi, ndugu yangu, mtoto wake, na yule taniboi aliyekuja kututazama. Nilianza na kabari za magurudumu na kutolala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, nikaingia kwenye mafuta. Nilikuwa nimeandika “chombo kisichofunguliwa”. Taniboi akauliza kama maana yake ni chombo kisichoweza kufunguka. Tukabishana kidogo, fundi akaamua: “chupa mpya ambayo sili yake haijakatwa”. Kijana alichukua brashi na kopo la rangi nyeupe, akayaandika hayo ndani ya boneti, juu ya kichupa cha breki, kwa herufi kubwa. Fundi alimwambia aongeze tarehe ya siku tuliyobadilisha mafuta, naye akaongeza.